Asilimia tatu ya nini?

Kilio cha wenye mishahara nchini Kenya si cha kupuuzwa. Ada ya nyumba asilimia 1.5, SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75, kisha NSSF (akiba ya uzeeni) na PAYE (kodi ya mshahara), zote hukatwa kabla mtu hajaigusa hela yake. Mwalimu wa Malindi akilalamika kwamba mwenye duka jirani hatozwi kitu, namwelewa. Kwake, Sheria ya Fedha ya 2023, iliyopandisha ushuru wa mauzo wa biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3, ni haki iliyochelewa.

Lakini asilimia tatu ya nini? Ya mauzo, si ya faida. Chukua duka la mtaa wa Muyeye, hapo Malindi, la unga, sukari na mafuta ya kupima, linalouza shilingi 3,000 kwa siku. Kwa mwaka ni 1,095,000, tayari limevuka milioni moja ambapo ushuru huo huanzia. Asilimia 3 ni 32,850; zamani ingekuwa 10,950. Tuseme kila shilingi mia inamwachia mama huyu kumi (kwa unga, hiyo ni bahati). Faida yake ya mwaka ni 109,500, na karibu theluthi yake inakwenda KRA, mamlaka ya kodi. Aliyeajiriwa kwa pato hilohilo, shilingi 9,125 kwa mwezi, halipi PAYE hata senti, maana nafuu ya kodi ya 2,400 kwa mwezi inaifuta yote. Na biashara ikidorora watalii wakiondoka, akalazimika kupunguza bei, faida inapungua lakini ile tatu iko palepale.

Watetezi wana jibu: ushuru huu ni mwepesi kukokotoa, unalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hauhitaji mhasibu. Tena anayeona anaonewa anaruhusiwa kumwandikia Kamishna wa KRA atozwe kwa faida kama wengine. Sawa, ila hapo atadaiwa vitabu vya hesabu na risiti za manunuzi, na daftari pekee la duka lile ni la madeni.

Mwalimu naye alipunguziwa kidogo Desemba 2024, ada ya nyumba na SHIF zilipoanza kuondolewa kwenye pato kabla ya PAYE kupigwa. Mwenye duka hakupata kitu, na bado anashindana na jirani ambaye hajajisajili kabisa. Mimi ningewaachia asilimia 3 wenye mauzo ya milioni kumi kwenda juu, huyu wa elfu tatu kwa siku arudishiwe asilimia moja yake.