Chakula milioni tatu: mnamzika mzee au mnamuoza?

Siku hizi namba ya kuchangia msiba ikishawekwa tu kwenye grupu, na kama marehemu ni mzazi aliyeugua muda mrefu, hakosi mtu wa kuuliza: mzee kaumwa miaka mitatu hatujaona hata mchango wa panadol, kafa juzi mnataka mamilioni, kwani jeneza ndo dawa? Wengine wanaguna, wengine wanaweka kikatuni cha kucheka kisha wanakifuta. Mi nakiri nimeshawahi kucheka, na si mara moja.

Na wanaouliza wana hoja, tusijifanye. Mtu yuko Dar, mshahara umeingia tarehe 25, tarehe 30 umebaki wa nauli, na hapo katikati kuna harusi ya mtoto wa bosi, kipaimara, kitchen party ya shemeji na misiba miwili. Hakuomba kuingizwa kwenye grupu, kaingizwa. Adimini anabandika orodha asubuhi mchana jioni, jina lako lipo na neno "ahadi" pembeni kama kovu, ukijitoa watu wote wanaona umejitoa. Halafu unafika msibani unakuta fulana zenye picha ya marehemu, wanawake wana kitenge cha sare, kameramani anamvizia mjane alie vizuri. Jirani yako Mwislamu kafiwa asubuhi, saa kumi jioni wameshatoka makaburini, sanda na udi na jeneza la msikiti linalorudi msikitini, basi. Lazima ujiulize. Kufa kufaana wahenga walisema, na kuna misiba ukiiangalia unaona kabisa nani anafaana.

Sasa hayo yote ni kweli ila msiba wa mtu aliyeugua muda mrefu ni kitu kingine, na nadhani tunaupiga kwa fimbo isiyo yake.

Chukua mgonjwa wa figo anayesafishwa damu. Ratiba ya kawaida ni mara tatu kwa wiki, kwa hiyo mwaka una safari 156. Tuseme anayo bima, kijana wake kaajiriwa na kamuweka mzee kwenye kadi (na hapo kashafanya uamuzi mgumu, maana kadi ya NHIF ya mwajiriwa inabeba yeye, mwenza wake na wategemezi wanne, ukiwa na watoto wanne wadogo baba yako anakaa wapi?). Sawa, bima ipo, mashine inalipiwa. Ila bima haipandi bajaji. Mtu katoka kwenye mashine miguu haina nguvu, humpandishi daladala ya Tabata saa kumi na moja jioni akasukumwe mlangoni. Bajaji ya jirani, bei ya kirafiki, elfu ishirini kwenda na kurudi. Zidisha kwa 156. Milioni tatu na laki moja na elfu ishirini. Kwa mwaka. Bajaji peke yake.

Hiyo hesabu niliipiga kwenye simu nikairudia mara ya pili nikidhani nimekosea sifuri. Na bado hujaweka pampasi za wakubwa, dawa ambazo duka la dawa la hospitali linasema zimeisha kanunue nje, chakula maalum kisicho na chumvi kinachopikwa sufuria yake, na mtu wa kumpeleka, ambaye naye alikuwa na kazi zake. Familia ninayoifikiria, binti yao alikuwa na meza ya mitumba pale Karume, mwaka wa pili wa kuuguza akaifunga kwa sababu huwezi kufungua biashara siku tatu kwa wiki mteja akakuelewa. Hakuna aliyemchangia binti yule meza yake. Hata sisi jirani tulisema tu "Mungu atakulipa dada", tukapita zetu.

Kwa hiyo mzee anapofariki, hao watu hawaanzi kutafuta hela siku hiyo, wanafika siku hiyo wakiwa wameshaisha. Kiwanja cha Chanika kimeuzwa, mkopo wa vikoba haujarudi, duka la dawa la mtaani lina karatasi yao. Serikali imeshaelekeza zaidi ya mara moja kwamba maiti isizuiliwe kwa sababu ya deni la hospitali, ni jambo jema, ila deni lenyewe halizikwi na marehemu, linarudi nyumbani na wafiwa.

Nilikaa kwenye kikao cha msiba wa mzee huyo, Tabata, chini ya turubai la bluu, viti vya plastiki vingine vimekatika mguu vimeegemezwa mti. Katibu ana kauntabuku anasoma bajeti. Jeneza laki nane. Gari la kumsafirisha mzee hadi kwao Rombo, Kilimanjaro. Coaster mbili za waombolezaji na mafuta. Turubai na viti huku na kule. Chakula milioni moja na nusu. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, "madeni ya kuuguza 1,600,000". Mwenyekiti, mzee mtaratibu kabisa, akavua miwani akamgeukia yule binti, "Mwanangu, hili la madeni tuliondoe. Watu wakisikia deni wanafunga mkono. Jeneza wanatoa, chakula wanatoa, deni hawatoi." Hakuna aliyebisha maana kila mtu pale anajua ni kweli. Kalamu ikapita juu ya ule mstari, na mstari wa chakula ukapanda kutoka moja na nusu kwenda milioni tatu na laki moja.

Kesho yake kwenye grupu jamaa mmoja akaandika: chakula milioni tatu, mnamzika mzee au mnamuoza? Akapata vidole gumba kumi na saba. Hakuwa mtu mbaya, aliisoma bajeti ilivyoandikwa, na ilivyoandikwa ilikuwa haileti maana.

Hapo ndo ugomvi wote ulipo kwa maoni yangu. Tunawaona wafiwa wana tamaa kwa sababu bajeti imevimba, na bajeti imevimba kwa sababu sisi wenyewe tumeshawafundisha kwamba hatulipii ugonjwa, tunalipia kifo. Na sababu yake wala si roho mbaya. Kifo kina tarehe. Kuna kikao leo, kuaga keshokutwa, gari linaondoka saa mbili usiku, mtu anajua mwisho wa kutuma na anajua jina lake litasomwa. Ugonjwa hauna tarehe, ukichangia Januari, Machi unaombwa tena, Juni tena, mpaka unaanza kuona mgonjwa kama anakudai. Na mgonjwa mwenyewe ana aibu. Yule mzee alikataa kabisa lifunguliwe grupu la matibabu, alisema hataki watu wafungue simu wamkute anaomba. Ukimwambia mwanae "mngetuambia mapema" unamwambia angemvunjia babake heshima akiwa hai na anaona.

Hata vikundi vyetu vya kufa na kuzikana vimejengwa hivyo hivyo. Katiba ya kikundi changu inasema mzazi akilazwa siku tatu mfululizo mwanachama anapewa elfu hamsini, akifariki laki tano. Angalia hilo neno, akilazwa. Mgonjwa wa kusafishwa damu halazwi, anaenda asubuhi anarudi jioni kwa miaka, kwa katiba yetu huyo ni mzima. Tumelijua hilo tukiwa tunakula wali wa msiba wake.

Kuna kitu kingine watu hawakitaji. Zamani aliyechangia msiba ni jirani, na jirani alimwona mzee akipungua, alisikia kikohozi usiku, alijua kwa nini kabati la vyombo limeuzwa. Tangu M-Pesa iingie nchini 2008, na baadaye haya magrupu, mchango unaombwa kwa mtu aliyesoma na mjomba wa marehemu yuko Mwanza, hajawahi kufika hiyo nyumba. Yeye anaona namba ya simu na jumla. Ana haki ya kuuliza maswali ambayo jirani hahitaji kuuliza, na kwake bajeti ya uongo, hata uongo wa huruma kama ule wa mwenyekiti wetu, ni uongo tu. Hapa wafiwa wanakosea na kamati zinawakosesha. Siku akigundua chakula hakikuwa milioni tatu atasema hela imeliwa, na msiba unaofuata, hata wa mtu ambaye hajaficha kitu, hatoi.

Nimeambiwa pia tungezika hapahapa tuokoe hela ya safari. Inaongeleka, Rombo ni usiku kucha na mafuta si mchezo. Ila mzee ana kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, baba yake na babu yake wamelala pale kwenye migomba, na nani kati yetu angesimama mbele ya mama yule amwambie mumewe abaki Dar kwa ajili ya kubana matumizi? Fulana za picha sawa, zikatwe, kameramani akatwe, hata Coaster ya pili mi ningeikata. Mstari wa madeni ningeuacha, kwa mwandiko uleule wa mistari mingine, na asiyetaka kulipia deni atume ya jeneza. Wangetoa wachache zaidi? Inawezekana kabisa. Mwenyekiti ana misiba mingi nyuma yake kuliko mimi na hakuonekana kuwa na wasiwasi na hesabu yake.

Tuliporudi kamati ikakaa mara ya mwisho kuvunjwa. Ahadi nyingi hazikutimia, na chakula halisi kilikula milioni moja na laki sita, ikabaki laki saba na arobaini. Jamaa mmoja akapendekeza inunuliwe soda na nyama kidogo ya kuishukuru kamati, akaangaliwa mpaka akanyamaza mwenyewe. Binti akatoa kwenye mkoba karatasi ya duka la dawa iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani bila kusema neno. Katibu akaisoma, akamhesabia hela yote mbele yetu, kisha akafungua kauntabuku atafute pa kuiandika. Alikaa na ile kalamu muda kidogo. Mwisho akaandika "mengineyo", akapiga mstari.