Blower haikushinda Le Mans, tuache kudanganyana

Kila Juni inapokaribia, picha ile ile inarudi. Bentley ya kijani, mikanda ya ngozi juu ya boneti, kompresa limetokeza mbele kama pua ya nguruwe, na chini yake maelezo: "Gari lililoitawala Le Mans." Jamani! Blower, yaani Bentley ya lita 4½ yenye supachaja (hilo kompresa la kusukumia hewa kwenye injini), haikuitawala Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa. Haikushinda Le Mans hata mara moja. Haikushinda mbio kubwa yoyote, mahali popote.

Bentley za miaka ile zilishinda Le Mans mara 5. Mwaka 1924, John Duff na Frank Clement, gari la lita 3. Mwaka 1927, Benjafield na Davis, lita 3 tena, baada ya Bentley zote tatu kunaswa kwenye ajali moja ya usiku pale Maison Blanche. Hilo lililoshinda lilimaliza likiwa na ekseli ya mbele iliyopinda. Mwaka 1928, Barnato na Rubin, lita 4½, chesi imepasuka na maji ya rejeta yamekimbia. Mwaka 1929, Barnato na Birkin kwenye Speed Six, na nyuma yao lita 4½ tatu zikachukua nafasi ya pili, ya tatu na ya nne. Mwaka 1930, Barnato na Kidston, Speed Six. Kati ya hayo yote hakuna hata moja lenye supachaja. Gari linalopigwa picha ndilo hilo lisilokuwamo kwenye orodha.

Anayetaka kujua kwa nini asitafute hadithi za ushujaa. Afungue boneti.

Injini ya lita 4½ ni silinda 4, kipenyo milimita 100, mwendo wa pistoni milimita 140, jumla cc 4,398. Kila silinda ina valvu 4 na plagi 2. Bloku na silinda hedi vimetoka kwenye kalibu moja, kwa hiyo hakuna gasketi ya hedi ya kuungua. Ukisikia hivyo unapiga makofi, mpaka siku valvu inapohitaji kusagwa. Hapo hufungui hedi, maana hakuna hedi ya kufungua. Unanyanyua bloku nzima kutoka kwenye krenki. Kwenye gari la kawaida la nguvu za farasi 110 hiyo si shida, kwa sababu valvu zinadumu. Mwingereza alijenga injini ya kuzunguka polepole, kusukuma kwa uzito, na kurudi nyumbani.

Sasa akaja dereva wa mbio Tim Birkin na mhandisi Amherst Villiers. Walichukua kompresa la aina ya Roots, wakalifunga mbele kabisa, chini ya rejeta, kati ya ncha za chesi, likiendeshwa moja kwa moja na krenki. Kabureta mbili za SU zikawekwa ubavuni mwa kompresa, lenyewe likivuta mchanganyiko wa hewa na petroli na kuusukuma ndani. Nguvu zikapanda hadi farasi 240 kwenye magari ya mbio. Kwenye karatasi, maajabu.

Lakini Roots haigandamizi hewa ndani yake. Inaibeba tu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na presha inajengeka kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia mchanganyiko kwenye silinda. Kazi hiyo inazaa joto jingi, na enzi hizo hapakuwa na kipoza hewa baada ya kompresa. Mchanganyiko unaingia kwenye silinda ukiwa moto tayari. Usipopunguza mgandamizo wa injini, inagonga, yaani mchanganyiko unalipuka wenyewe. Ikigonga kwa muda, pistoni inatoboka. Ukiupunguza mgandamizo, unakula petroli kama gari moshi linavyokula makaa. Valvu za kutolea moshi ndizo zinazoumia kwanza, na ile raha ya kutokuwa na gasketi inageuka adhabu, kwa sababu kila valvu iliyoungua ni bloku ya kunyanyua. Tena manifoldi yote imejaa mchanganyiko unaowaka. Valvu moja ya kuingizia ikikwama, moto unarudi nyuma hadi kwenye kompresa. Ndiyo maana mifumo ya namna hii huwekewa valvu ya kutolea presha, na ndiyo maana dereva mwenye akili hupaki mbali na nyasi kavu.

Halafu uzito. Lile kompresa limekaa mbele ya ekseli. Gari lenyewe lilikuwa tayari lori (Ettore Bugatti anasemekana kuziita Bentley malori yaendayo kasi kuliko yote duniani, na kwa Blower alikuwa na haki), sasa umelining'inizia chuma puani. Kwenye kona pua inataka kwenda moja kwa moja, usukani unakuwa mzito, na tairi za mbele zinalia.

W.O. Bentley mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni, alikataa. Kwake, kuitia injini yake supachaja ilikuwa kuipotosha. Ukitaka nguvu zaidi, ongeza ukubwa. Speed Six ni jibu lake: kipenyo kile kile, mwendo ule ule wa pistoni, silinda 6 badala ya 4, cc 6,597, farasi kama 200 kwa gari la Le Mans. Piga hesabu. Blower inatoa farasi kama 55 kwa kila lita, Speed Six inatoa 30. Moja inakamuliwa mpaka tone la mwisho, nyingine inapumua. Saa 24 zinampenda nani?

Lakini mzee hakuwa na sauti tena. Woolf Barnato, mwenye pesa za almasi za Kimberley, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na alimwambia Birkin aendelee. Fedha za timu ya Birkin zikatoka kwa tajiri Dorothy Paget. Na kwa kuwa sheria za Le Mans zilitaka magari 50 yatengenezwe ili mfano ukubaliwe, kampuni iliyokuwa tayari inatafuta pumzi ikalazimika kujenga 50 ya kuuza. Mwaka 1931 Bentley ikafilisika na kuchukuliwa na Rolls-Royce. Simaanishi kwamba Blower peke yake ndiyo iliyoiua. Mdororo wa uchumi wa dunia haukuhitaji msaada wa mtu. Haikusaidia lakini.

Basi tuje kwenye 1930, maana hapo ndipo wapenzi wa Blower wanapokimbilia. Ndiyo, Birkin alimpita Caracciola wa Mercedes kwenye barabara ndefu ya Mulsanne akiwa na magurudumu mawili kwenye nyasi na tairi moja limevuliwa ngozi. Ndiyo, aliweka mzunguko wa kasi kuliko wote, dakika 6 na sekunde 48. Nakubali, ni tendo la kusimulia wajukuu. Kisha? Blower mbili zilianza mbio na zote mbili zikafa injini Jumapili. Wanasema alitumwa kama chambo, aichoshe Mercedes. Mercedes ilikufa kwa umeme, betri imeisha nguvu, baada ya Speed Six ya Barnato na Kidston kuibana usiku. Mwenye chambo na mwenye samaki si mtu mmoja.

Na iangalie hiyo Mercedes, maana nayo ilikuwa na kompresa. Wajerumani waliliunganisha kwa klachi: linaamka tu ukikanyaga akselereta hadi chini kabisa, na dereva alionywa alitumie kwa muda mfupi, kwenye mnyooko au kupita mtu. Wakati mwingine wote injini ya lita 7 inajitegemea. Blower halina huruma hiyo. Kompresa linazunguka na krenki tangu unapowasha mpaka inapokufa.

Yaliyobaki ya kuipongeza ni machache, na nitayataja kwa sababu haki ni haki. Septemba 1930, kwenye Grand Prix ya Ufaransa kule Pau, Birkin aliivua Blower taa na matopeni na kumaliza wa pili nyuma ya Bugatti ya Étancelin, kati ya magari madogo yaliyomzunguka kama mbuzi na tembo. Mwaka 1932, kwenye Blower yake ya kiti kimoja, alizunguka uwanja wa mbio wa Brooklands, Uingereza, kwa kasi ya maili 137.96 kwa saa, yaani kilomita 222. Dakika chache, gari pekee, hakuna saa 24. Pale Blower ilikuwa mahali pake.

Supachaja yenyewe haina kosa, msije mkanishambulia. Mwaka 1931 Birkin alishinda Le Mans kwa mara ya pili, safari hii na Earl Howe, kwenye Alfa Romeo 8C yenye Roots. Tofauti ni kwamba Vittorio Jano aliichora injini ile tangu mwanzo akijua itatiwa kompresa: silinda 8 ndogo, lita 2.3, bloku mbili za silinda nne nne na gia za kuendeshea kila kitu katikati. Kwa hiyo baba wa Blower ana ushindi wa Le Mans mara mbili, mmoja kwa Speed Six na mmoja kwa gari la Waitaliano. Kwa mwanawe, sifuri.

Halafu mwaka 2012 mtu analipa zaidi ya pauni milioni 5 kwa lile la kiti kimoja, na mwaka 2019 kiwanda kinatangaza kujenga mapya 12 ya kuiga gari la Birkin. Sawa, pesa ni zao. Ila kwa mwenye bajeti ya kweli, ajue magari mengi ya lita 4½ yamegeuzwa Blower baadaye kwa kufungwa kompresa. Ya kuuzwa yaliyotoka kiwandani yana namba za chesi zinazoanza na SM au MS. Bila namba hiyo na karatasi zake, unanunua kelele.

Na kabla ya kuandika maelezo chini ya picha, angalia kati ya ncha za chesi, chini ya rejeta. Kama kuna kompresa, hilo silo lililoshinda.