Kutaka Chumba Changu Peke Yangu Si Kuwakimbia Watu

Kila nikitaja kwamba natafuta chumba cha kukaa peke yangu, watu huniuliza nimekosana na nani. Mamangu aliuliza hivyo. Shangazi naye aliuliza, kisha akaongeza lile swali ambalo kila msichana wa Mombasa wa umri wangu ashalisikia: "Wataka kukaa peke yako, kwani wewe huna watu?" Watu ninao, alhamdulillahi, na sijagombana na yeyote. Ninachotaka ni mlango ambao ufunguo wake ninao mimi. Kwa mtu mzima anayefanya kazi na kujilipia, sioni aibu iko wapi.

Tunaishi wasichana watatu katika nyumba ya vyumba viwili, upande wa Kisauni. Wenzangu si watu wabaya, na nalisema hili mapema kwa sababu mazungumzo ya namna hii huishia kuwa masengenyo. Mmoja wao alinipikia uji nilipokuwa mgonjwa, jambo ambalo sitalisahau. Taabu haiko kwenye tabia zao. Taabu ni mpango wenyewe wa kuwatia watu watatu wasiokuwa na udugu chini ya paa moja, kisha kuwaambia wavumiliane.

Chukua maji. Maji matamu ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yakifika kwenye bomba letu hufika usiku, na si kila usiku. Yasipokuja tunanunua kwa mwenye mkokoteni, dumu moja moja la lita 20. Maji ya kisima, ambayo yana chumvi, ni ya kuoshea vyombo na kumwaga chooni. Kwa hivyo kila nyumba ina sheria yake isiyoandikwa: maji matamu ni ya kunywa na kupikia, na kila dumu lina mwenyewe.

Kwetu yuko anayeamka saa nane usiku kukinga, yuko ambaye usingizi wake haukatiki hata bomba lilie vipi, na yuko anayeoga kwa maji matamu kwa sababu maji ya chumvi yanamharibia nywele. Yote matatu ni mambo ya kibinadamu. Lakini asubuhi madumu ni matupu na chai haijapikwa. Anayekinga ukimuona kanyamaza, jua ameanza kuhesabu ndoo moyoni. Siku atakaposema neno ataitwa mchoyo, na yule aliyeoga haitwi kitu. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa jambo hili hili, katika nyumba ya watu ninaowajua, na waliohama hawasalimiani mpaka leo.

Stima nayo ina lake. Tunaambiwa kukaa pamoja kunapunguza gharama. Tangu Aprili 2023, bei ya yuniti ya umeme wa nyumbani imekuwa ikipangwa kwa kiasi unachotumia: asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini, wa 31 hadi 100 hulipa zaidi, na anayepita 100 hulipa bei ya juu kabisa. Mimi peke yangu, na feni yangu, taa na simu, nisingefika mbali. Lakini mita haijui kuwa tumo watatu. Yenyewe huona nyumba moja yenye friji, pasi na feni mbili zinazozunguka usiku kucha wakati wa joto la Kaskazi, basi hutupandisha daraja. Asiyekuwa na friji hulipia yuniti ghali kwa sababu ya friji ya mwenzake, na tokeni za stima zikiisha saa tano usiku kila mtu husubiri mwingine anunue.

Haya ya maji na stima mtu anaweza kuyazoea. La stara sijalizoea, wala sitaki kulizoea. Hurudi kutoka kazini jioni, nimevuka daraja la Nyali nikiwa nimebanwa kwenye matatu, nguo imenigandia mwilini kwa jasho. Nikifungua mlango, kaka wa mwenzangu ameketi sebuleni anatazama mpira. Ni kijana mwenye adabu, husimama akanisalimu. Lakini hapo siwezi kuvua buibui wala mtandio. Nikitaka kwenda bafuni lazima nipite mbele yake. Nikitaka maji ya kunywa, jikoni ni kupitia sebule. Basi hukaa chumbani nilivyo, katika nyumba ninayoilipia kodi, nikingoja mgeni aondoke. Nyumba ambayo mwanamke hawezi kuvua mtandio wake si kwake. Na mwenzangu ana haki ya kutembelewa na nduguye, hilo nalikubali kabisa. Ndiyo maana nasema hakuna kikao cha nyumba kitakacholitatua.

Wazee wetu husema zamani watu waliishi wengi zaidi na hawakulalamika. Ami yangu amelelewa Majengo na hupenda kulisema hili. Nikamwomba anieleze nyumba ilivyokuwa. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, na ua nyuma penye choo na mahali pa kupikia. Kila mpangaji alikuwa na chumba chake na kufuli lake. Na mwenye nyumba, bi mkubwa mmoja, alikaa chumba cha mbele. Yeye ndiye aliyepanga zamu za kufagia ua, aliyemwambia kijana apunguze redio, aliyejua mgeni wa nani amelala wapi. Watu waligombana kama kawaida, lakini ugomvi ulikuwa na pa kupelekwa.

Sisi tumeachiwa ule msongamano bila ule utaratibu. Flati ilijengwa kwa ajili ya familia yenye baba na mama, na sisi tumeigawanya. Hakuna mkubwa na kila mmoja ana haki sawa, kwa hivyo hakuna mwenye neno la mwisho. Keyateka, yule mwangalizi wa nyumba, anajua kodi tu.

Basi kwa nini nisihame kesho? Kodi ya kila mwezi siyo inayonizuia. Sehemu yangu hapa ni shilingi 6,000 hivi, na bedsita, yaani chumba kimoja chenye choo chake, ya 9,000 ningejibana nikaimudu. Kinachonizuia ni kile kitita cha siku ya kwanza: 9,000 za kodi, 9,000 za dipoziti, dipoziti ya maji na stima, pesa ya ajenti na gari la kubebea vitu. Kabla sijanunua mtungi wa gesi, karibu 25,000 zishatoka. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba inamlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Bedsita ya bei hiyo mimi sijaiona Mombasa. Kila mwezi nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Ile mitaa ya zamani ya baraza la mji, kama Buxton, ilivunjwa yakajengwa maghorofa ya kuuza. Kununua si mpango wangu wa sasa. Mimi nataka kupanga chumba kimoja.

Hata pesa zikipatikana, kuna mahojiano. Mwenye nyumba mmoja wa Bamburi aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nilipomwambia sijaolewa, akataka nije na baba au kaka atie sahihi, na hali hati ya mshahara iliyokuwa mezani ina jina langu. Kijana wa kiume aliyekuja baada yangu hakuulizwa hata jina la babake. Hili linaniuma kuliko dipoziti, kwa sababu dipoziti inaweza kukusanywa.

Kwa wenye nyumba wa mji huu nina ombi. Mpangaji mwenye kazi na barua ya mwajiri, mkubalieni alipe dipoziti kwa miezi mitatu badala ya siku moja. Hampotezi kitu, kodi yenu mnapata, na vyumba vyenu havikai tupu baada ya wageni wa Desemba kuondoka. Na msituulize waume. Tuulizeni kama tunalipa kwa wakati.

Mamangu nimeshamwambia kwamba Ijumaa nitaendelea kuja kula kwake, na nikipata chumba, ufunguo wa pili atakaa nao yeye. Shangazi bado hajaridhika. Nitaendelea kumweleza.