Demokrasia ya mnadani

Ukitaka kujua watu wa Kusini mwa Tanzania wanaionaje demokrasia, angalia kwanza kalenda. Oktoba, minada ya korosho ikianza na bei imechangamka, utajibiwa vizuri tu. Rudi hela ya mnada ikiwa bado "inakuja" na duka la pembejeo linadai, uone utakavyojibiwa.

Afrobarometer, watafiti wa maoni ya wananchi, wamekuwa wakiwauliza Waafrika swali hili tangu 1999: unaridhika kiasi gani na jinsi demokrasia inavyofanya kazi? Wanaochambua majibu, hapa na kwingineko duniani, huona jambo lilelile. Anayeona serikali inachapa kazi huridhika na mfumo mzima, na aliyepigia kura chama kilichoshinda huridhika kuliko mwenzake. Wapo wanaosikitika kwamba mwananchi anachanganya serikali na demokrasia. Mimi sisikitiki. Mkulima hali katiba. Na aliyewahi kulala Ndundu, njia ya kuja Kusini, akisubiri kivuko cha Mto Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, hahitaji kuelezwa kwa nini barabara inajenga imani.

Ninachobishia ni kupima kazi ya serikali kwa bei na lami peke yake.

Chukua msimu wa korosho wa 2018. Mwaka uliotangulia bei ilikuwa imegusa shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba ile wanunuzi wakaleta bei za kukatisha tamaa, nyingine hazikufika 2,000. Wakulima wa Newala na Tandahimba wakagoma kuuza. Haki hiyo walikuwa nayo ndani ya stakabadhi ghalani, utaratibu wa kuweka korosho ghalani kwa risiti hadi ziuzwe mnadani, ulioanza huku msimu wa 2007/08. Barua za wanunuzi zilikuwa zinafunguliwa hadharani, bei inasomwa moja moja, jina la kampuni na tani inazotaka, kisha mnaulizwa: mmekubali au mmekataa? Mikono inanyooshwa, wazee kwa vijana, na jibu linaonekana palepale. Sijui uchaguzi gani mwingine nchini unaompa mtu matokeo kwa haraka namna hiyo.

Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua yenyewe kwa 3,300, na jeshi likaingia kazini kusomba mzigo. Watu wakashangilia, na walikuwa na haki. Halafu ukaja uhakiki, kusaka wenye kangomba, yaani walionunua korosho za wakulima kinyemela, na malipo ya wengi yakachelewa miezi. Kuchelewa kuliuma, lakini kukosa wa kumuuliza kuliuma zaidi. Ukienda chama cha msingi cha ushirika unaambiwa majina yapo juu. Ukienda huko juu unaambiwa subiri uhakiki. Ile mikono iliyokataa bei mnadani haikuwa na pa kunyooshwa tena.

Gesi nayo ni hivyohivyo. Vurugu za Mtwara za Januari na Mei 2013 husimuliwa kama ubishi wa watu wasiotaka bomba la gesi liende Dar es Salaam. Kwa mtazamo wangu watu walitaka kwanza waketi wajibiwe: sisi tunabaki na nini? Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015, mwezi uleule wa uchaguzi mkuu, na jimbo la Mtwara Mjini likaenda CUF, chama cha upinzani. Mradi mkubwa wa serikali ulikuwa umekamilika, kura hazikuufuata.

Mambo yakiwa mazuri nako kuna mtego. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, CCM, chama tawala, ikachukua karibu viti vyote. Mwenyekiti wa kijiji aliyepita bila kupingwa anaweza kuwa mchapakazi kweli, sina ugomvi naye. Lakini akianza kuzembea mtamtoaje, na kwa mkono upi?

Kwa hiyo mgombea udiwani akija kwetu, kwa salfa ya ruzuku, dawa ya mikorosho, na bei nzuri nitampigia makofi. Nitamuuliza na kitu kingine. Halmashauri inakata ushuru wa asilimia 3 kwenye korosho zetu. Makato ya mnada tunabandikiwa ukutani pale chama cha msingi, hadi senti ya usafirishaji. Na hiyo asilimia 3 iliyofika halmashauri, iliingia kiasi gani, ikajenga nini, kata gani? Naye aibandike palepale, kabla ya msimu mwingine kufunguliwa.