Marehemu Kajitambulisha Mwenyewe

Kwa kuwa Mudi ameshairusha kwenye magrupu yote stori ya mimi na mama mwenye nyumba wake, tena anadai nilipiga magoti (uongo, nilichuchumaa tu), acheni niwasimulie mimi mwenye msiba.

Si mnajua Mudi kahamia Dodoma? Chumba na sebule chake cha Sinza, Dar, kilikuwa bado na kodi ya miezi mitatu. Nikamrudishia hela yake, akanipa funguo. "Mama mwenye nyumba akija, mwambie wewe ni mdogo wangu. Hana neno yule."

Jumamosi mama kaja. Mimi niko uani, nguo zote nimeloweka, nimejifunga shuka jeupe. Wapangaji wote wapo.

"Shikamoo mama. Mimi mdogo wake Mudi."

Hakuitikia. Mkoba ukamtoka begani taratibu, ukaning'inia kwenye kiwiko. Akanitazama usoni, akashuka na shuka mpaka miguuni, macho yakaganda hapo miguuni muda mrefu.

"Mdogo wake yupi?"

"Mama, Mudi mdogo wake ni mmoja tu. Ndiye mimi."

Mama Tausi akaacha kukuna nazi. Ndoo bombani imejaa, maji yanamwagika, hakuna anayefunga.

"Mwanangu," mama akasema kwa sauti ya chini, "wewe si ulizikwa Muheza, mwezi wa Ramadhani?"

Ndiyo, wapendwa. Mudi alishaniua ili asogezewe siku ya kulipa kodi. Na mama wa watu akamsogezea, akatoa na rambirambi juu.

Nikatafuta la kusema. Kati ya maneno yote ya Kiswahili, nikaokota haya: "Alhamdulillahi, nilipona."

Mtoto wa chumba cha mbele akapiga yowe, akakimbilia ndani.

Mengine mafupi. Tukafikishana ofisi ya serikali ya mtaa, nikajitutumua na Sheria ya Ardhi ya 1999, nikadai hata kodi ya jengo nakatwa mimi kwenye LUKU, nikinunua umeme. Mwenyekiti akafungua mkataba: jina la Mudi, na kifungu kinachosema mpangaji hatampangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Ushahidi wangu mimi? Meseji ya Mudi: "Poa mwanangu, imeingia."

Mama ana huruma, jamani. Kaniandikia mkataba mpya, miezi sita kwa mkupuo, mashahidi na muhuri. Chini kaongeza mstari kwa kalamu: mpangaji atarejesha rambirambi, shilingi 50,000.

Nimelipa. Mudi, naomba hela yangu ya kuzikwa.