"Dhahabu Utatuletea Lini?"

Mpwa wangu amepata nafasi ya kusoma jiolojia, yaani elimu ya ardhi na miamba, chuo kikuu. Tulipokutana nyumbani Tukuyu kumpongeza, swali lilikuwa lile lile, kuanzia kwa baba zake wadogo mpaka kwa majirani: "Sasa dhahabu utatuletea lini?" Kijana akacheka tu. Mimi nilikereka, na kero hiyo ndiyo inayoniandikisha haya.

Nawaelewa. Huku kwetu, tangu miaka ya 1920, Chunya na Lupa ni majina ya mahali watu wanakokwenda kuchimba dhahabu. Kwa hiyo mtu wa jiolojia ni mtu wa nyundo na mfuko wa sampuli, basi. Lakini nilipotazama meza ya sherehe ile ile, sikuona kitu ambacho elimu hii haikigusi.

Viazi, kwa mfano. Mlima Rungwe ulilipuka vibaya miaka 4,000 hivi iliyopita, ukamwaga majivu na yale mawe mepesi yenye vitundu, yanayoelea ukiyatupa majini. Udongo tunaojisifia kwa ndizi, chai na viazi ni mabaki ya milipuko ya namna hiyo. Milipuko haikuishia hapo: jirani wa Rungwe, mlima Kyejo, ulitoa lava karibu mwaka 1800. Hiyo si zamani sana.

Halafu soda. Chini ya Rungwe hewa ukaa hupanda kutoka ndani kabisa ya dunia, na wapo wanaoichimba na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. Gesi hiyo hiyo, ikitokea yenyewe ardhini, ni nzito kuliko hewa. Hutuama kwenye vibonde siku isiyo na upepo, na ndege au mnyama mdogo akiingia humo hatoki. Haina rangi wala harufu. Ukisikia kibonde fulani kina mashetani, usicheke haraka. Aliyesema hivyo huenda aliona mizoga kweli, ila hakuwa na kipimo cha gesi. Kijana anayejua kupima hiyo ana faida kijijini kuliko kilo ya dhahabu.

Hata mvua iliyotulowesha jioni ile ni somo lake. Inayonyesha upande huu wa milima ya Uporoto huingia mto Kiwira, ikafika Ziwa Nyasa, ikapita mito ya Shire na Zambezi hadi Msumbiji. Inayonyesha upande wa pili hushuka Usangu, ikawa Ruaha Mkuu, ikazungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu kabla ya kufika Rufiji. Milima ile ile, na maji yanakutana tena Bahari ya Hindi! Kimondo cha Mbozi sikitaji sana, maana kila mtu amepiga picha pale, ila nacho ni chuma kilichotoka angani, na wanaokisoma ni hawa hawa.

Linaloniuma zaidi ni matetemeko. Mbeya ipo pale mikono ya Bonde la Ufa inapokutana: wa Rukwa, wa Nyasa na wa Usangu. Desemba 1910 Rukwa ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika karne ile. Wakati huo huku hakukuwa na ghorofa. Leo tunapandisha ghorofa juu ya ghorofa, na fundi akiulizwa kuhusu nondo anajibu, "Mzee, hii inatosha." Inatosha kwa nini? Nani aliupima udongo wa chini?

Mambo haya nilimweleza baba mdogo mmoja wakati wa kuosha mikono. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akajifuta kwa leso, kisha akamgeukia kijana: "Kwa hiyo kile kiwanja changu kule mteremkoni, nijenge au nisijenge?"

Mpwa akamjibu: "Niende kwanza nikakione."