Maktaba, Makumbusho na Nyaraka: Kushirikiana Si Kuunganishwa

Wazo la maktaba, makumbusho na nyaraka za taifa kufanya kazi pamoja likitajwa hapa Tanzania, jibu huja haraka: kila chombo kina sheria yake, wizara yake na kazi yake. Ni kweli. Bodi ya Huduma za Maktaba iko chini ya wizara ya elimu, Makumbusho ya Taifa yako Maliasili na Utalii, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Ofisi ya Rais, upande wa utumishi wa umma. Pale Dar es Salaam, Maktaba Kuu na Nyaraka za Taifa ziko Upanga, na makumbusho yako Mtaa wa Shaaban Robert. Mtu mwenye afya yake anaweza kuzitembelea zote tatu kwa miguu asubuhi moja. Bajeti na ripoti zao ndizo zisizokutana.

Wanaotetea utengano huu wana hoja nzito, na nitazifikia. Lakini naona upande wa ushirikiano haueleweki vizuri, kwa sababu watu wakisikia "ushirikiano" wanafikiria kuunganisha taasisi, kuhamisha watumishi na kugombea vyeo. Tumtazame kwanza anayetafuta elimu.

Chukua fundi cherehani wa Songea mwenye miaka hamsini, aliyeishia darasa la saba, anayetaka kujua kwa nini wazee wa ukoo wake walinyongwa na Wajerumani katika Vita ya Majimaji, watu wa Kusini walipoupinga utawala wao. Makumbusho ya Majimaji yako mjini kwake. Atalikuta kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, ataziona sanamu na silaha. Akitoka hapo anaweza kwenda maktaba akapata kitabu cha historia. Ila alichoandika Mjerumani mwenyewe, nani alitoa amri na kwa sababu gani, hakipo Songea. Majalada ya utawala wa Kijerumani yako Upanga, na yana thamani kiasi kwamba mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Mengi yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawauwezi. Mwongozo wa majalada hayo, majuzuu mawili, ulichapwa Marburg mwaka 1973, nao ni wa Kijerumani.

Bado kuna hazina ya nne. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walirudi maeneo ya kwao kuwahoji wazee waliokuwa wanaikumbuka vita ile. Wazee hao hatunao tena. Maneno yao yamebaki kwenye karatasi chuoni, yakisomwa zaidi na watafiti. Kwa hiyo mkuki, barua ya ofisa na ushahidi wa mzee vinahusu tukio lilelile, vyote tunavyo, vyote vimelipiwa na umma, lakini yule fundi hajawahi kuvikuta mahali pamoja. Mtoto wa shule ana mtaala na mwalimu wa kumkusanyia mambo. Mtu mzima ana swali tu, na swali lake halijui mipaka ya wizara.

Kuna takwimu ambayo hainiachi nikifikiria haya. Kisomo cha watu wazima kilipopamba moto baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wasiojua kusoma walikuwa takriban asilimia 67. Mwaka 1986 serikali ilitangaza wamebaki asilimia 9.6, jambo lililotupa sifa duniani. Kisha sensa ya 2002 ikakuta takriban watu wazima 3 kati ya 10 hawajui kusoma na kuandika. Sehemu ya tofauti hiyo inaelezeka: mitihani ya kisomo na maswali ya sensa ni vipimo viwili tofauti, na katika miaka ya shida watoto wengi hawakuandikishwa shule wakakua hivyo hivyo. Lakini haielezeki yote. Wapo waliojifunza kweli, wakafaulu, halafu wakasahau, kwa kuwa vijijini mwao hapakubaki kitu cha kusoma kilichowahusu. Mama aliyejua kusoma mwaka 1975 alihitaji gazeti, kitabu na jambo la kumfanya afungue kitabu mwaka 1985. Tulimfundisha herufi tukamwacha nazo. Nikiyafikiria majalada ya Upanga na shuhuda za wazee zilizoko chuoni, naona kwamba kitu cha kusoma kilichowahusu watu wa Kusini kilikuwepo muda wote huo. Hakikuwafikia.

Wanaosema wizara tatu haziwezi kupanga jambo moja wanasahau historia yetu wenyewe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliunganisha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Radio Tanzania, wizara ya afya na chama tawala, TANU. Kwa wiki 12 watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu cha Kiswahili chepesi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa takriban 75,000 na washiriki walifika milioni 2. Hakuna chombo kilichovunjwa wala kumezwa na kingine. Walikubaliana mada, ratiba na nani afanye nini.

Sasa upande wa pili. Watunza nyaraka hulaumiwa kuwa ni wachoyo, na lawama hiyo haiwatendei haki. Kitabu kikipotea maktaba hununuliwa kingine. Jalada la mwaka 1906 likichanika, limekwenda. Sheria ya mwaka 2002 imeweka kipindi cha miaka 30 kabla ya kumbukumbu za umma kufunguliwa, na ndani ya majalada kuna majina ya watu, mashtaka na mashamba ambayo wajukuu wao bado wanayagombania. Mtumishi anayekataa jalada kutolewa nje ya jengo anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Makumbusho nayo hutegemea kiingilio kwa sehemu, na maktaba zimelemewa na wanafunzi wanaotafuta pa kujisomea kwa ajili ya mitihani. Kuwaongezea hawa wote kazi bila fedha ni kuwaonea.

Ya nje pia yanatutahadharisha. Uingereza iliunda baraza moja la makumbusho, maktaba na nyaraka mwaka 2000, na kufikia 2012 lilikuwa limefutwa, majukumu yake yakagawiwa vyombo vingine. Norway ilijaribu mwaka 2003, na mwaka 2010 maktaba zikaondolewa katika chombo cha pamoja. Anayetaka tuige muundo wa namna hiyo atueleze kwanza kwa nini haukudumu huko kwenye fedha nyingi kuliko zetu. Ukiunda chombo kimoja juu, kila mwamba ngoma huvutia kwake, na fundi wa Songea anabaki alipokuwa.

Wengine wanasema tuweke kila kitu kwenye intaneti, mjadala uishe. Picha za majalada zinafaa sana, hasa kwa kuyapunguzia karatasi za zamani mikono ya watu. Lakini mwandiko wa Kijerumani ukiupiga picha unabaki Kijerumani, na fundi wetu akiufungua kwenye simu ataona mistari tu. Anahitaji mtu wa kutafsiri, mkutubi wa kumwelekeza kitabu kinachofuata, na mahali pa kukaa na wenzake kuuliza.

Ninachopendelea ni kidogo na kinapimika. Kila Februari Songea hufanya kumbukumbu ya mashujaa. Nyaraka za Taifa zingeweza kuchagua majalada kumi tu yanayohusu Ungoni, eneo la Wangoni wa Songea, zikatoa nakala na kubaki na asili zake Upanga. Chuo Kikuu kikatoa shuhuda za wazee wa eneo hilo, maktaba ikapeleka rafu ya vitabu na mkutubi mmoja, na makumbusho yakatoa ukumbi na kuufungua jioni, baada ya saa za kazi, kwa kuwa mtu mzima ana riziki ya kutafuta mchana. Mwaka unaofuata mada ihamie Kilwa au Lindi.

Gharama kubwa hapo ni ya mtu wa kuusoma mwandiko ule na kuutia katika Kiswahili. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho hayo ya Songea, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, mmoja wa mashujaa walionyongwa, na kuomba msamaha, akaahidi kwamba nchi hizi mbili zitashughulikia historia hiyo kwa pamoja. Madai ya kurudishiwa mafuvu na mabaki ya mashujaa yaliyopelekwa Ujerumani yaendelee, ni haki ya familia. Pamoja nayo, Ujerumani iombwe kugharimia mafunzo ya vijana wa Kitanzania wa kusoma majalada hayo, wakutubi na watunza nyaraka katika darasa moja, na tafsiri ya kwanza iende kusomwa Songea.